Mji wa Clausthal, kamba ya waya na mbu wa Usambara

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Kila yanapozungumzwa mambo ya Wajerumani hapa Tanga, majina yanayotangulia ni ya wanajeshi na magavana: nani alipigana wapi Novemba 1914, nani alijenga boma, nani alileta reli. Hatuna ugomvi na historia hiyo. Ila upo mji mmoja mdogo wa milimani huko Ujerumani ambao huku hautajwi kabisa, ilhali mambo yaliyotoka kwake watu wa mkoa huu wanayashika kwa mikono yao mpaka leo. Mji huo ni Clausthal. Kutoka huko ilitoka kamba ya waya, na huko ndiko alikozaliwa daktari Robert Koch. Linalotusukuma kuandika ni kwamba sehemu ya yale Koch aliyoyasema duniani kuhusu mbu aliambiwa na Washambaa, wenyeji wa milima ya Usambara, na hilo halisemwi shuleni wala hawaambiwi wageni wanaopandishwa Amani, kituo cha utafiti kilichoko kwenye milima hiyo.

Kwanza mji wenyewe. Clausthal umekaa juu ya milima ya Harz, jimbo la Niedersachsen, kwenye uwanda wa mita 560 hivi kutoka usawa wa bahari. Amani imeinuka zaidi ya hapo, lakini Clausthal hupata theluji, na mabwawa yake huganda. Mwaka 1924 uliunganishwa na Zellerfeld, mji jirani, na tangu hapo jina rasmi ni Clausthal-Zellerfeld. Wakazi wake leo ni 15,000 hivi. Katikati pana kanisa la mbao lililojengwa kati ya 1637 na 1642, baada ya mji kuungua mwaka 1634, nalo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya mbao katika Ujerumani nzima. Kwa karne kadhaa watu waliishi kwa kuchimba fedha, risasi, shaba na zinki, hadi migodi ya mjini ilipofungwa mwaka 1930. Mafunzo ya migodi yaliyoanza hapo mwaka 1775 yalikua yakawa chuo kikuu cha ufundi kilichopo sasa.

Shida kubwa ya mgodi wa kina kirefu ni maji yanayojaa chini. Watu wa Clausthal waliyatoa maji hayo kwa kutumia maji mengine. Mvua na theluji iliyoyeyuka viliongozwa kwa mifereji iliyofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, vikahifadhiwa kwenye mabwawa, kisha maji yakaangushwa juu ya magurudumu makubwa ya mbao. Gurudumu likizunguka, linavuta fito ndefu za pampu zilizoshuka shimoni, na pampu inapandisha maji ya chini. Kwa vizazi vingi walichimba mifereji inayofikia kilomita 500 na kujenga mabwawa zaidi ya 100. Kuta za mabwawa hayo ni za udongo, na kinachozuia maji yasipenye ni mabonge ya majani yaliyokatwa pamoja na udongo wa mizizi yake, yakapangwa na kushindiliwa kama matofali. Yakilowa huvimba na kuziba kila tundu. Bwawa la Oderteich, lililojengwa kati ya 1715 na 1722, lilibaki kuwa kubwa kuliko mabwawa yote ya Ujerumani kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 2010 mfumo huo wote uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwanahisabati Leibniz naye alijaribu katika miaka ya 1680 kusukuma pampu kwa vinu vya upepo, akashindwa: upepo wa Harz si wa kudumu, na mitambo yake haikuhimili.

Sasa kamba. Aliyeitengeneza ni Wilhelm Albert. Yeye hakuzaliwa Clausthal. Alizaliwa Hannover mwaka 1787, akasomea sheria, akaja kuwa ofisa mkuu wa migodi Clausthal, akafia hapo mwaka 1846. Tunamtaja pamoja na wenyeji kwa sababu kazi yake yote ni ya mji huo. Alikuta migodi inapandisha mawe kwa kamba za katani ya kizungu (hemp, si mkonge) au kwa minyororo ya chuma, na vyote viwili vilikuwa na maradhi yake. Kamba ya nyuzi za mmea ilioza kwenye unyevu na ilikuwa ghali kubadilisha kila mara. Mnyororo nao hukatika ghafla bila kumwonya mtu: pete moja ikiachia, mzigo wote umeondoka, na hakuna pete ya pili ya kushika mahali pake.

Albert hakukimbilia kununua minyororo minene zaidi. Mwaka 1829 aliunda mtambo ulioendeshwa kwa gurudumu la maji, uliokuwa ukiupa mnyororo mzigo na kuutua, mara 10 kwa dakika, hadi mara 100,000, ili aone unakatika lini. Akaona chuma kinachoweza kubeba mzigo fulani leo kinaweza kukatika kwa mzigo uleule baada ya kupindwa na kunyooshwa mara nyingi. Mafundi wa leo hali hiyo wanaiita uchovu wa chuma, na majaribio yale ya Clausthal ndiyo ya kwanza yanayojulikana kuhusu jambo hilo. Fundi gari wa Tanga anayebadilisha springi iliyovunjika wakati gari halikuzidishiwa mzigo siku hiyo, anashughulika na kitu hichohicho.

Kamba yake ya kwanza ilijaribiwa tarehe 23 Julai 1834 katika mgodi wa Caroline, mgodi uleule ambao mshairi Heinrich Heine aliushukia miaka kumi kabla yake. Ilikuwa na nyuzi 12 za chuma, kila uzi unene wa milimita 3.5. Nyuzi nne zilisokotwa kuwa msokoto mmoja, kisha misokoto mitatu ikasokotwa pamoja ikawa kamba ya milimita 18. Ilisokotwa kwa mikono. Ubora wake uko katika wingi wa nyuzi. Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zinashika, na ule uliokatika unachomoza nje, kwa hiyo mkaguzi anauona kabla ya maafa. Albert alizisokota nyuzi na misokoto kuelekea upande mmoja. Faida yake ni kwamba kila uzi unalala juu ya kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, kwa urefu mkubwa zaidi, kwa hiyo haulikwi haraka. Hasara yake ni kwamba mzigo ukining'inia huru, kamba hujisokotoa yenyewe. Kamba ya namna hiyo isifungwe kwenye ndoano inayozunguka. Inataka mzigo unaoteleza kwenye reli au mbao za kuuongoza. Uvumbuzi huo Albert hakuuwekea haki ya kumiliki. Aliuandika wazi, na ndani ya miaka michache migodi ya nchi nyingi ilikuwa ikitumia kamba za waya.

Na hapa ndipo Tanga inapoingia. Kamba ya Albert haikuwa na kitu katikati, kwa kuwa misokoto mitatu hukaa vizuri bila kuhitaji tegemeo. Baadaye watengenezaji walihamia misokoto sita, na misokoto sita ikizungushwa huacha tundu katikati. Ukiliacha wazi, misokoto hudidimia ndani na kusagana. Kwa hiyo tundu hilo hujazwa kamba nyembamba ya nyuzi za mmea iliyoloweshwa mafuta mazito. Kwa muda mrefu nyuzi zinazopendwa kwa kazi hiyo zimekuwa katani ya mkonge, zao lililoingia Pangani mwaka 1893 likabakiwa na miche 62 tu iliyosalimika safarini. Kamba za lifti za maghorofa, nyingi zake hadi leo zina moyo wa katani. Katani inafaa kwa sababu ni ngumu, haibonyei ovyo, na inanyonya mafuta kisha inayaachia kidogokidogo kila kamba inapobanwa kwenye kapi. Kilichobuniwa Clausthal ili kuachana na kamba za mmea kimeishia kuhitaji mmea wa Tanga ndani yake. Mtoto wa mkulima wa mkonge wa Muheza au Korogwe anastahili kulijua hili, na si jambo la kujifunzia ughaibuni.

Kwa kuwa kamba hizi ziko kila mahali mkoani, bandarini, kwenye machimbo ya mawe, kwenye winchi za magari ya kuvuta na kwenye visima, tueleze zinavyokufa. Nyingi hufa kutoka ndani. Grisi ikiisha, na hewa yetu ya chumvi ikiingia, moyo wa katani unakauka au unaoza, kamba inapungua unene, misokoto inagusana, nyuzi zinakatika mahali pasipoonekana. Dalili ya mapema ni unene. Pima kwa kalipa ukishika migongo ya misokoto, pale kamba ilipo pana zaidi, usipime mabondeni. Kamba iliyonunuliwa ya milimita 12 ikifika milimita 11 mahali pamoja, iondoe. Kisha hesabu nyuzi zilizokatika. Fuata msokoto mmoja mpaka umalize mzunguko mzima kuizunguka kamba. Kwa kamba ya milimita 12 ni urefu wa sentimita 7 na nusu hivi. Ndani ya urefu huo, nyuzi 6 zilizokatika kwa jumla, au 3 katika msokoto mmoja, zinatosha kuitupa kamba ya winchi. Usipitishe mkono mtupu. Pitisha kitambaa kwa upole huku kamba imesimama. Pale kinaponaswa ndipo penye uzi uliochomoza.

Kapi dogo ni muuaji mwingine. Kamba ya milimita 12 ikizungushwa kwenye kapi la sentimita 10 inakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na uchovu ule alioupima Albert unafanya kazi yake haraka. Kapi la kamba hiyo liwe na kipenyo kisichopungua sentimita 22. Mfereji wa kapi nao uangaliwe, maana kamba mpya kwenye mfereji uliolika na kamba nyembamba ya zamani hubanwa mbavuni, na watu hudhani wameuziwa kamba mbovu.

Kosa tunaloliona likirudiwa zaidi liko kwenye klampu za kufungia kitanzi. Klampu ina sehemu mbili: chuma cha umbo la U, na tandiko lenye mifereji. Tandiko likae juu ya upande mrefu unaobeba mzigo, na chuma cha U kibane ncha fupi iliyokunjwa. Ukiligeuza, chuma cha U kinaponda kamba inayobeba, na kamba itakatika hapo siku ya mzigo mkubwa. Wengine huweka moja hivi na moja vile wakidhani wanasawazisha. Nalo ni kosa. Kwa milimita 12 weka klampu zisizopungua tatu, zikiachana sentimita 7 hivi, na ncha iliyokunjwa iwe na urefu wa sentimita 30. Kaza, tia mzigo mara moja, kisha kaza tena, kwa sababu kamba ikivutwa hunywea na nati hulegea.

Ushahidi mkubwa wa kamba ya waya katika mkoa huu ulikuwa njia ya angani kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara, iliyojengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig kabla ya vita vya 1914 ili kuteremsha magogo ya mierezi hadi kwenye reli ya Usambara. Urefu wake ulikuwa kilomita 9 hivi, na tofauti ya mwinuko mita 1,500 hivi. Mfumo wa Bleichert ulitumia kamba mbili zenye kazi tofauti: moja nene iliyotulia, vibebeo vikiteleza juu yake kwa magurudumu, na nyingine nyembamba inayotembea na kuvivuta. Gogo likishuka kwa uzito wake linapandisha vibebeo vitupu upande wa pili, kwa hiyo kazi kubwa ya mtambo ni kushika breki.

Turudi Clausthal kwa watu waliozaliwa hapo. Mshairi Otto Erich Hartleben alizaliwa mjini humo mwaka 1864 na kufariki Italia mwaka 1905. Wajerumani wanaosoma mashairi wanamjua. Mtunzi wa muziki Georg Philipp Telemann hakuzaliwa huko ila alisomea Zellerfeld alipokuwa mvulana. Lakini jina linalobeba mji ni la Robert Koch.

Koch alizaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843, mtoto wa tatu kati ya 13. Baba yake, Hermann, alikuwa ofisa wa migodi. Mjomba wake upande wa mama alimwonyesha mambo ya viumbe na upigaji picha, na kupiga picha kukaja kumfaa sana, kwani Koch ni miongoni mwa watu wa kwanza kuchapisha picha za bakteria badala ya kuwachora. Alisoma mjini kwao hadi 1862, akaenda Göttingen kusomea udaktari. Mwaka 1876 alionyesha kinachosababisha kimeta. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin bakteria wa kifua kikuu. 1883 na 1884 alifuatilia kipindupindu Misri na India. Shule ya sekondari ya Clausthal-Zellerfeld leo ina jina lake. Mpaka hapo vitabu vyote vinakubaliana.

Mambo ya huku kwetu ndiyo yanayopotoshwa. Koch alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani mara tatu. Mara ya kwanza, 1897 hadi 1898, alifanya kazi hasa Dar es Salaam, lakini alifika Usambara Magharibi kwa sababu alisikia kuwa milimani hakuna malaria. Aliwakuta Washambaa wakimweleza jambo hili: mtu wa milimani akiteremka nyikani huugua homa, na homa hiyo wanaiita mbu; ukiwauliza imetoka wapi, wanasema kuna wadudu huko chini wanaowauma, nao pia wanaitwa mbu. Mdudu na ugonjwa jina moja. Koch aliliweka hilo katika taarifa yake ya 1898. Zingatieni mwaka. Ronald Ross alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India Agosti 1897 tu, na Waitaliano walikamilisha uthibitisho kwa binadamu mwaka 1898. Wakati madaktari wa Ulaya wakibishana kama homa inatokana na hewa mbaya ya vinamasi, wakulima wa Usambara walikwishaweka jibu ndani ya lugha yao.

Kwa hiyo si kweli kwamba Koch ndiye aliyegundua kuwa mbu anaeneza malaria, ingawa tunasikia hivyo mara kwa mara. Uthibitisho wa maabara ni wa Ross na Waitaliano. Ujuzi wa kuunganisha mdudu na homa ni wa Washambaa, pamoja na jamii nyingine zilizoona hivyo kwao. Sifa ya Koch katika jambo hili ni kwamba aliuliza, akasikiliza, akaandika alichoambiwa na kusema kimetoka kwa nani. Tungependa iwe hivyo hivyo kwa wanaoandika leo.

Mara ya pili ilikuwa 1905, na hapo Amani inahusika waziwazi. Taasisi ya Amani ilikuwa imeanzishwa mwaka 1902, ikiwa na maabara ambayo wakati ule ilikuwa na wenzake wachache katika Afrika ya joto. Koch alichunguza huko ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Na kwenye njia za misafara kutoka pwani kwenda bara alichunguza homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri, ikipoa na kurudi. Alichimba vumbi kavu ndani ya mabanda ya kupumzikia misafara, hasa kuzunguka nguzo, akakuta papasi kwa wingi. Akawapasua, akaona bakteria wa umbo la kizibuo ndani yao, na pia ndani ya mayai yao. Papasi wachanga waliototolewa kutoka mayai hayo, ambao hawajawahi kuuma mtu, waliambukiza nyani wa majaribio. Maana yake ni kubwa: kumwondoa mgonjwa nyumbani hakuondoi ugonjwa, kwa kuwa papasi mama anaurithisha kwa wanawe. Hapa pia haki itendeke. Waingereza Dutton na Todd walifikia jibu kuhusu papasi wakiwa Kongo wakati uleule, na Dutton alikufa huko Februari 1905 kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Bakteria mwenyewe amepewa jina lake. Desemba mwaka huo Koch alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu.

Papasi hawajaisha, hasa mikoa ya kati na popote penye nyumba za sakafu ya udongo, na watu wa Tanga wanasafiri huko kwa biashara na mifugo. Mdudu huyu si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozini siku kadhaa. Ni bapa, wa mviringo, rangi ya udongo, ngozi yake kama ya mfuko wa zamani bila gamba gumu mgongoni, na ukimtazama kutoka juu huoni mdomo. Mchana hujificha kwenye vumbi na nyufa. Usiku hutoka, hunyonya kwa nusu saa hivi, hurudi mafichoni, na asubuhi mtu haoni kitu mwilini. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa muda mrefu si salama kwa sababu hiyo tu. Ukitaka kujua kama yumo, chota vumbi la pembeni mwa ukuta na chini ya vitanda, lichekeche, lililobaki limwage juu ya kitambaa cheupe juani. Usiondoke haraka. Papasi hujifanya amekufa dakika kadhaa ndipo aanze kutembea, na wengi huhitimisha kuwa hakuna kitu kwa sababu hawakusubiri.

Dawa ya kudumu ni sakafu ya saruji na kuta za lipu zisizo na nyufa. Kupuliza dawa husaidia ikifika ndani ya nyufa, lakini aliyezama kwenye vumbi hufikiwa kwa shida. Kitanda kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Papasi haruki, anatambaa kutoka chini, kwa hiyo chandarua kinachoning'inia hadi sakafuni kwake ni ngazi. Kulala kwenye mkeka sakafuni ndani ya nyumba ya namna hiyo ni hatari kuliko yote.

Ugonjwa wenyewe unafanana mno na malaria: homa kali, kichwa kinachopasuka, maumivu ya viungo, kutapika. Homa hudumu siku tatu hivi, huvunjika kwa jasho jingi, mtu hudhani amepona, na baada ya wiki moja hivi hurudi. Mgonjwa hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, jibu linatoka hana, anarudishwa nyumbani, na homa ikipoa yenyewe wote huona mambo yamekwisha. Mtu mwenye homa inayokwenda na kurudi amwambie mhudumu wa afya kwamba amelala mahali penye papasi, na aombe damu yake itazamwe kwa darubini wakati homa ipo. Homa ikipoa bakteria hupungua sana na slaidi inaweza isionyeshe kitu. Dawa zipo, ni za kawaida za kuua bakteria, ila dozi ya kwanza itolewe kituoni, kwa sababu saa chache baada yake homa inaweza kupanda ghafla na shinikizo la damu kushuka. Wajawazito wasisubiri hata siku moja, kwani homa hii huharibu mimba na kuua watoto wachanga.

Safari ya tatu, 1906 hadi 1907, lazima nayo isimuliwe kwa ukamilifu. Koch na wenzake walipitia Amani kwanza, kisha wakaenda Ziwa Viktoria hadi visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale. Walitumia dawa ya atoksili, yenye aseniki, ambayo ni sumu. Ilipoonekana vimelea vinarudi, dozi iliongezwa kutoka nusu gramu hadi gramu nzima, na wagonjwa kadhaa wakapofuka kabisa kwa sababu mishipa ya macho yao iliharibiwa. Dozi ikarudishwa chini, lakini macho hayakurudi. Aliyoyapendekeza Koch baada ya hapo, kuwatenga wagonjwa kwenye kambi maalumu, yalitekelezwa na serikali ya kikoloni, na watu waliwekwa huko bila hiari yao. Anayesimulia habari za Koch Amani akaishia kwenye Tuzo ya Nobel amewanyima watu wa Ssese nafasi yao katika habari hiyo.

Tunaomba basi walimu, waongoza watalii na waandishi wa gazeti lako wanaoandika kuhusu Amani waongeze mambo mawili kila wanapomtaja Koch: Washambaa na neno lao mbu, na wagonjwa waliopofushwa na atoksili. Makumbusho ya Clausthal nayo yakiandikiwa kutoka huku na watu wa Lushoto, tunaamini tutakuwa tumewapa wenyeji wa mji ule sehemu ya historia ya mwana wao ambayo wao wenyewe hawana namna ya kuijua vizuri. Na kama barua hii imezidi nafasi yako, Mhariri, punguza habari za kanisa na mabwawa, lakini aya ya klampu na zile za papasi uziache nzima.

Wasomaji wako,
Chumbageni, Tanga